Shimo Hubaki kwa Nani?

Msikilizaji, mwaka 1973 redio iliwachimbisha Watanzania mashimo. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi, na huko vijijini watu wakajikusanya kwa vikundi kuizunguka redio moja, kiongozi kashika kijitabu, wakasikiliza habari za malaria, minyoo ya safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kipindi kikiisha hawakutawanyika. Waliulizana: haya tuliyoyasikia yapo hapa kwetu? Na kama yapo, tufanye nini? Inakadiriwa kwamba watu milioni 2 walishiriki. Jawabu la vikundi vingi likawa jembe, sururu na chepe. Vyoo vya shimo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, na vingi vikachimbwa na watu ambao hawakuwa na senti moja ya kumlipa fundi.

Nimeanza na choo makusudi. Ukitaja kuchimba, wengi wetu mawazo hukimbilia dhahabu, almasi na tanzanite. Lakini minyoo ya safura humwingia mtoto kupitia nyayo, akikanyaga udongo wenye kinyesi, ikamnyonya damu hadi akapauka na kuchoka darasani. Kinga yake imo shimoni, tena shimo lenyewe halikutoa hata gramu moja ya dhahabu. Mimi nalihesabu miongoni mwa mashimo yenye faida kubwa kuliko yote yaliyopata kuchimbwa katika nchi hii.

Kwa muda mrefu sasa, nikimwona mtu yeyote anachimba, huwa najiuliza maswali mawili. Kitakachotoka humo kinakwenda kwa nani? Na shimo lenyewe litabaki kwa nani? Leo nataka tuyapeleke maswali hayo mahali mbalimbali, tuone yanajibiwaje.

Twende kwanza makaburini. Kwetu pwani, mtu akifariki usiku na maziko yakapangwa baada ya adhuhuri, asubuhi vijana na watu wazima huelekea makaburini bila kuitwa kwa majina. Mzee mmoja anayejua kazi hupima kwa fimbo au kamba, urefu na upana, akauelekeza mstari kibla. Jembe huanza. Udongo wa juu ni laini, kazi inakwenda. Kufika kiunoni, jembe linagonga jiwe la matumbawe na sururu inaingia. Shimoni hakuna nafasi ya zaidi ya mmoja au wawili, kwa hiyo waliomo wakitoka jasho wanapandishwa, wengine wanashuka. Mwenye umri mkubwa asiyeweza tena kushuka huchota udongo ukingoni kwa chepe, mara mbili tatu, ili naye awemo. Chini kabisa huchongwa mwanandani, ule mfereji mwembamba atakamolazwa marehemu kwa ubavu wa kulia. Hapo kazi hupungua kasi, maana kingo zisiporomoke na vipimo visikosewe. Mbao zikishapangwa juu ya mwanandani, udongo wote uliotolewa unarudishwa na watu wale wale waliouchimba.

Hakuna anayelipwa. Chai na mkate vikipatikana huletwa hapo hapo chini ya mti. Na wachimbaji wengine huenda hawakusemezana na marehemu miaka mingi kwa ugomvi wa mpaka au wa deni, lakini siku hiyo wameshika jembe. Katika miji mikubwa desturi hii inapungua. Makaburi yamejaa, vijana wako kazini, na wapo wanaochimba kwa ujira. Siwalaumu wanaolipa wala wanaolipwa, kwani kazi ile ni nzito na ni ya halali. Ila naona uchungu mtaa mzima unapofika makaburini na kukuta shimo liko tayari, limechimbwa na watu wasiomjua marehemu hata jina. Kama mtaani kwenu bado mnachimba wenyewe, shikilieni hapo hapo.

Maji yana mashimo yake. Dodoma na Singida, na kule Ukambani nchini Kenya, kiangazi kikikaza mto hukauka ukabaki mchanga mtupu, lakini chini ya mchanga maji yangalipo. Akina mama huchimba hadi mchanga ulowe, wakasubiri maji yajikusanye, kisha wakayachota kidogo kidogo kwa kata au bakuli hadi ndoo ijae. Shimo huzungushiwa matawi ya miiba ili mifugo isiyachafue maji, na mvua ikija mto unalifuta lote. Wakamba wameendeleza ujuzi huo: hujenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, mafuriko yakaleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na mchanga ukahifadhi maji mbali na jua.

Sasa tupande Umatengo, wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma. Mwenyeji wa tambarare akiiona milima ile kwa mara ya kwanza huuliza watu wanalimaje pale, kwa kuwa mteremko ni mkali na mvua ni nyingi. Jibu ni ngoro. Wanaume hufyeka majani mwisho mwisho wa mvua, wakayapanga chini kwa mistari inayokatana hadi shamba likagawanyika miraba. Kisha wanawake huingia na majembe. Huchimba katikati ya kila mraba na kuutupia udongo juu ya majani yaliyopangwa pembeni, majani yakafukiwa na kuwa tuta, na katikati pakabaki shimo. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde, mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi yakafuata katika msimu mwingine. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia, kila shimo linayadaka na kuyazamisha taratibu, na udongo uliotaka kwenda bondeni unakamatwa mle mle. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Ngoro zikichimbwa upya, palipokuwa tuta pakawa shimo na palipokuwa shimo pakawa tuta, hivyo udongo hugeuzwa na kupumzishwa.

Wamatengo wamelima hivyo kwa vizazi na vizazi kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika. Wataalamu wa udongo kutoka nje wamekwenda kupima na kuandika, na wameikubali kazi hiyo kwamba inahifadhi ardhi. Mimi la kunivutia zaidi ni kwamba hakuna kinachobebwa kutoka katika mashimo yale. Kazi yote ni kukizuia kilichopo kisiondoke, na anayechimba ndiye atakayevuna.

Nimelisema hilo kwa sababu katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijaribu kuwachimbisha watu wa milima mingine, na mambo yakaenda vibaya. Nazungumzia Uluguru, Morogoro. Wakoloni waliona kweli kwamba udongo wa Uluguru unamomonyoka. Dawa yao ikawa matuta ya ngazi, yachimbwe kwa amri, na asiyechimba ashtakiwe. Waluguru wakatoa nguvu zao siku baada ya siku kwenye kazi ambayo hawakuulizwa kama wanaitaka. Kibaya zaidi, katika sehemu nyingi kuchonga ngazi kuliufukia udongo mzuri wa juu na kuutoa nje udongo wa chini usio na rutuba. Mkulima alichimba kwa jasho, kisha akavuna kidogo kuliko zamani. Mwaka 1955 wananchi wakakataa. Kule Matombo kukatokea ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa, na mpango wote ukaachwa.

Wakati Uluguru wanakataa ngazi za amri, Machakos nchini Kenya wakulima walikuwa wakijifunza na kuichagua njia yao: kuchimba mfereji kufuata kontua na kuutupa udongo upande wa juu, hadi shamba lenyewe linajitengenezea ngazi polepole kadiri miaka inavyopita. Njia hiyo inaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo duniani kote. Machakos nako, miaka ya nyuma, watu walilazimishwa kuchimba na wakachukia. Walichimba kwa hiari mkulima alipoona kwamba mahindi na kahawa zake ndizo zinazofaidi.

Tuondoke shambani, maana kuna watu waliochimba kutafuta vitu ambavyo hawakuvizika wao. Kusini mwa nchi, mkoani Lindi, kipo kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliikuta pale mifupa mikubwa mno ikichomoza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaleta wataalamu wake, Werner Janensch na Edwin Hennig miongoni mwao, na kazi ikaendeshwa kwa mikono ya wenyeji, mamia kwa mamia. Tukumbuke miaka ile ilikuwaje. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha mwaka 1907, vijiji vimechomwa, njaa imeua watu wasiohesabika. Waliochimba Tendaguru walikuwa watu wa nchi iliyotoka kuvunjwa.

Walichimba mahandaki marefu kwa majembe na sururu, wakaisafisha mifupa iliyogeuka jiwe, wakaifunga kwa plasta na udongo, wakaitia katika makasha ya mianzi, kisha wakaitwika kichwani na mabegani mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Mizigo ilizidi tani 200. Hakukuwa na gari wala reli, kila kilo ya mzigo ule ilipita juu ya mwili wa mtu. Kutokana na mifupa hiyo likajengwa gofu la dinosaria lililosimamishwa Berlin mwaka 1937, lenye kimo cha zaidi ya mita 13. Lipo hadi leo katika Museum für Naturkunde, na watu hulipa kiingilio kuliona.

Kiongozi wa wachimbaji na mtayarishaji mkuu wa mifupa alikuwa Boheti bin Amrani. Nataka ulishike jina hilo, msikilizaji. Janensch na Hennig waliandikwa na kutukuzwa, naye Boheti akabaki pembeni ya kurasa. Karibu miaka 100 ilipita hadi mwaka 2007, ambapo dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ni jambo jema, japo limechelewa. Nikiyarudisha maswali yangu mawili hapo, majibu yake yanauma: kilichotoka kilikwenda Berlin, na mashimo yalibaki Lindi. Mtoto wa Lindi akitaka kuona kilichobebwa na babu yake anahitaji pasipoti na viza. Wapo wanaodai mifupa irudi, na wapo wanaosema hatuna jengo la kuihifadhi. Mimi nasema hivi: hata kabla ubishi huo haujaisha, vijiji vinavyoizunguka Tendaguru vina haki ya kupata sehemu ya fedha inayopatikana kwa jasho la wazee wao, iwe kwa barabara, kwa shule au kwa makumbusho yao wenyewe.

Si kila uchimbaji wa kale ulikwenda hivyo. Pale Oldupai, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliliona fuvu la kiumbe aliyeishi miaka milioni 1.75 iliyopita, na fuvu hilo leo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kule Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimba chini ya msikiti wa zamani wakakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hadi wakafika majengo madogo ya miti ya karne ya 8. Walioshikilia kwamba miji ya Waswahili ililetwa na wageni ikiwa imekamilika waliona kwa macho yao mji ulivyokua pole pole kutoka kijiji cha wenyeji.

Tena kuna Laetoli, mahali ninapopapenda kuliko pote katika mazungumzo haya. Mwaka 1978 zilifukuliwa pale nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya jivu la volkano, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Baada ya kuzipima na kuzichukulia picha, wataalamu walizifukia tena. Mizizi ya migunga ilipoanza kuzitishia, katika miaka ya 1990 zikafunuliwa, zikatibiwa, na zikafukiwa kwa ustadi mkubwa zaidi. Walikuwa na kitu cha thamani isiyokadirika mbele yao, wangeweza kupajaza watalii mwaka mzima, na wakachagua kuurudisha udongo kwa ajili ya watakaokuja baada yao.

Haya, sasa dhahabu. Najua wapo mnaonisikiliza mkiwa Geita, Kahama, Chunya, Mererani, na mmekuwa mkisubiri nifike kwenu.

Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, halifanani na mgodi unaouona kwenye kalenda za kampuni. Mdomo wake unaweza kuwa mdogo hata watu wawili wasipishane. Kuta za juu zimezuiwa kwa magogo, matimba, na mchimbaji hushuka kwa kamba akiwa na tochi kichwani. Chini anafuata mwamba wenye rangi anayoijua yeye, unapokunja naye anakunja. Joto ni kali na hewa ni nzito. Mawe hupandishwa kwa viroba, yakagawanywa kati ya mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji. Kutoka hapo ni karasha, mashine ya kusaga mawe, kisha mwaloni, mahali mchanga unapooshwa, zebaki ikachanganywa ili ishike dhahabu, mara nyingi kwa mikono mitupu. Ile punje ya mwisho huchomwa motoni zebaki itoke kwa mvuke. Mvuke huo, ndugu yangu, unaingia mwilini kwa pumzi, unaharibu ubongo na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeandikwa kwa sababu hiyo, na Tanzania imeuridhia. Nakusihi usichome zebaki ndani ya nyumba wala jikoni, na watoto wasiwe karibu. Vipo vyungu vya kuunasa mvuke usisambae, na zebaki yenyewe hurudi ukaitumia tena, kwa hiyo hata mfuko wako unanufaika.

Siwezi kumdharau mchimbaji mdogo. Duara moja likitoa, anakula mwenye duara, anakula mama lishe, muuza maji, fundi wa karasha, dereva wa bodaboda na mwalimu anayelipwa ada. Mwezi Juni 2020 Saniniu Laizer wa Simanjiro alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, miongoni mwa mambo aliyoahidi ni shule kwa ajili ya watoto wa kwao. Habari ile ilizunguka dunia. Lakini kwa kila Laizer mmoja wapo maelfu waliotoka na mikono mitupu, na wapo ambao hawakutoka kabisa. Mvua za El Nino za mwaka 1998 ziliingia migodini Mererani na kuua makumi ya vijana. Mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi, wakiwa wamekula mizizi, mende na vyura. Waliowafikia walikuwa wachimbaji wenzao. Walipiga sururu wakati ambapo familia zilikuwa zimekwisha kata tamaa, na sijui kazi nyingine ya kuchimba inayoshinda hiyo kwa utu.

Wenzetu wa Katanga, wanaotusikia kwa Kiswahili chao, wana shimo ambalo dunia yote inapaswa kulijua. Linaitwa Shinkolobwe. Urani iliyotoka pale, iliyojaa mwambani kwa wingi kupita karibu kote kulikojulikana wakati ule, ilichimbwa na Wakongo walioajiriwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, ikasafirishwa hadi Marekani, na ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha urani ya mabomu ya atomiki ya Agosti 1945. Waliochimba hawakuambiwa ni kwa ajili ya nini, wala hawakukingwa na mionzi yake. Mgodi ulipofungwa, mashimo yaliendelea kuwavuta watu maskini waliotafuta kobalti, hadi sehemu yake ikaporomoka mwaka 2004 na kuua. Leo karibu na Kolwezi watu wamechimba kobalti hata ndani ya nyumba zao, sakafuni, na kobalti ile imo katika betri za simu tunazoshika.

Ipo aina moja ya kuchimba ambayo sitaipa muda mrefu, nayo ni kutafuta mali za Mjerumani. Chanzo chake kina ukweli kidogo: mwaka 1916, nchi ikiwa imezingirwa na vita, Wajerumani waligonga kule Tabora sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo. Juu ya ukweli huo matapeli wamejenga biashara ya ramani za kughushi na hadithi za zebaki nyekundu, na watu wameuza ng'ombe na viwanja ili kuwalipa. Kuta za maboma zimetobolewa, na makaburi ya watu yamevunjwa. Anayekuletea ramani ya hazina akitaka fedha kwanza ni mwizi, wala huna haja ya kumchunguza zaidi ya hapo.

Na kuna kuchimba ambako mtu angeomba asikuone kamwe. Mwaka 2023 wachunguzi walifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Rwanda, miaka mingi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, bado mashimo yanagunduliwa chini ya nyumba na mashamba, na mabaki ya watu yanatolewa, yanasafishwa na kuzikwa kwa heshima. Katika kumbukumbu ya Gisozi, Kigali, wamelazwa watu zaidi ya 250,000. Jamaa wa waliouawa wanasimama ukingoni siku nzima wakitazama kitambaa, kiatu, ushanga. Wanataka kujua nani yuko wapi ili wamzike kwa jina lake. Wanaoyajua mashimo hayo na kunyamaza wanawaua watu wale mara ya pili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenileta mbele ya kipaza sauti leo. Nimesema kaburi hufukiwa na walewale waliolichimba, na nyayo za Laetoli zilifukiwa na waliozifukua. Katika miji na vijiji vyetu yamejaa mashimo yasiyofukiwa na yeyote. Mkandarasi amechota changarawe ya barabara, barabara imekwisha, ameondoka. Mfyatua tofali amechukua udongo, nyumba imesimama, shimo linabaki wazi nyuma ya nyumba. Wachota mchanga wamekula ukingo wa mto. Mchimbaji ameliacha duara lisilotoa na kuhamia jingine, bila hata mti wa kuziba mdomo. Masika ikija yanajaa. Watoto wakitoka shule wanaona bwawa la kuogelea, hawaoni kwamba kingo ni za wima na hakuna pa kukanyaga. Kila mwaka tunasoma habari za watoto waliozama, wakati mwingine ndugu wawili kwa pamoja, mmoja akimfuata mwenzake kumwokoa. Maji yale yale yaliyotuama juani ndiyo anayoyapenda mbu wa malaria, anofelesi, na utafiti katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya umeyakuta mashimo ya kufyatulia tofali yamejaa mabuu yake.

Sheria na masharti ya leseni yanamtaka mchimbaji ayatunze mazingira anayoyachimba, na mikataba ya barabara huwa na kipengele cha kuyarekebisha machimbo. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata, diwani, usisaini kazi kwamba imekwisha wakati shimo liko wazi. Mwandikie mkandarasi kabla hajaondoa mitambo, maana akishaiondoa hutampata. Mwalimu mkuu, zunguka njia wanazopita wanafunzi wako uyajue mashimo yaliyopo, na uwataje wenye mashimo hayo katika mkutano wa wazazi. Nawe msikilizaji, kama kiwanjani kwako kuna shimo la choo cha zamani, la tofali au la karo lisilo na mfuniko, usingoje serikali. Lifukie wiki hii. Ukishindwa kulifukia, liwekee mfuniko wa zege au uzio wa miti ambao mtoto wa miaka 5 hawezi kuupenya. Mvua za masika huanza mwezi Machi.